Mwembe wa Ng'ambo na jioni ya Sokoine: uchambuzi wa kumbukumbu moja

Familia moja ya Ng'ambo, Tabora mjini, ilikusudia kuandika daftari la ukoo wakati wazee wake wawili wa mwisho wangali na nguvu za kuongea. Wajukuu walianza na swali walilodhani ni jepesi: siku Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki, ulikuwa wapi?

Babu, mstaafu wa reli aliyeshapita miaka sabini, alijibu papo hapo. Alikuwa hapahapa nyumbani, chini ya mwembe wa uani. Giza lilikuwa limeshaingia, giza la kutomwona mwenzako. Walikuwa wanakula embe mbichi kwa chumvi. Redio ilikuwa juu ya kigoda, na betri zake zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo. Sauti ya Mwalimu Nyerere ikatoka, watu wote wakanyamaza. Ilipokwisha, kijana wa jirani akainuka, akajipangusa mikono, akasema, "Basi, tutakwenda."

Dada yake babu, ambaye wajukuu humwita Bibi Mdogo, akaweka kikombe chini. "Kaka, mwaka ule hukuwapo Tabora. Ulikuwa Kaliua. Mimi ndiye nilikuwa hapa, na Mwalimu nilimwona kwenye televisheni machozi yakimlengalenga."

Babu akasema haambiwi na mtoto mdogo mahali alipokuwa. Kikao kikavunjika.

Kisa hiki ni kidogo, lakini ndani yake yamo karibu yote yanayowasumbua wanaokusanya kumbukumbu za misiba ya taifa. Wote wawili walikuwa wanasema kweli kwa maana ya kutodanganya, na wote wawili walikosea. Tena kosa la babu, likifuatiliwa kwa subira, lilifungua jambo ambalo familia isingelipata kwa swali la moja kwa moja.

Yasiyobishaniwa

Kabla ya kumpima msimuliaji, andika pembeni yale yanayojulikana bila yeye. Usimsomee. Ni ya kwako.

Sokoine alifariki Alhamisi, 12 Aprili 1984, kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 45, na ndiyo ilikuwa mara yake ya pili kuwa Waziri Mkuu. Mara ya kwanza ilikuwa 1977 hadi 1980, na jambo hili litatufaa baadaye. Rais Nyerere alitangaza mwenyewe msiba huo kupitia Redio Tanzania jioni ileile. Mazishi yalikuwa Monduli.

Kwa mtu wa Tabora mwaka ule, habari iliweza kumfikia kwa redio, kwa mdomo wa mtu, au kwa gazeti lililofika siku za baadaye. Mtu wa reli alikuwa na njia moja zaidi, simu za stesheni kwa stesheni. Televisheni haikuwemo. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi 1994. Zanzibar ilitangulia kwa miaka mingi, lakini matangazo yake hayakufika Unyamwezini.

Kikao cha kwanza kiliharibikia wapi

Makosa yalikuwa manne, na tunayaona kila mahali.

La kwanza, wazee wawili waliulizwa pamoja. Watu wawili wakiwa kwenye mkeka mmoja, mwenye sauti kubwa ndiye anayeandikwa. Mwingine hunyamaza kwa heshima, au hubisha kwa hasira, na baada ya hapo hakuna anayeweza kujua alichokuwa nacho kichwani kabla ya kumsikia mwenzake. Kilichoharibika hapo hakitengenezeki tena.

La pili, tarehe ilitajwa na muulizaji. Swali lilikuja limeshafungwa: "siku Sokoine alipofariki." Babu alipewa jina la siku, akatafuta picha iliyo kichwani inayofanana nayo, akaikuta, akaitoa. Picha ilikuwa ya kweli. Lebo ndiyo aliyopewa.

La tatu, mjukuu mmoja alikuwa ameshamchezea babu kwenye simu sauti ya Nyerere akitangaza kifo kile, "ili akumbuke vizuri." Sauti hiyo husambazwa sana kila Aprili. Ukishamsikilizisha mzee, huwezi tena kutenganisha alichokisikia mwaka 1984 na alichokisikia juzi. Rekodi, picha na magazeti viletwe mwisho kabisa, msimuliaji akishamaliza ya kwake na yakishaandikwa.

La nne ni la adabu, na kwa wazee wa huku adabu ni sehemu ya mbinu. Mzee kusahihishwa na mdogo wake mbele ya wajukuu ni kuvunjiwa heshima, na mtu aliyevunjiwa heshima hatafuti tena alichokisahau, anatetea alichokwisha kusema. Kila tetezi inaikaza kumbukumbu ile. Akishaisema mara tatu kwa hasira, umempa mazoezi matatu ya kosa.

Kwa nini babu alikuwa na uhakika vile

Mwaka 1977, Roger Brown na James Kulik, watafiti wa Marekani, walichunguza jinsi watu wanavyokumbuka walipopata habari ya kuuawa kwa Rais Kennedy mwaka 1963 na habari nyingine za namna hiyo. Waligundua kwamba masimulizi mengi yanabeba mambo yaleyale sita: mahali, shughuli iliyokuwa ikiendelea, aliyeleta habari, hisia za msimuliaji, hisia za waliokuwa naye, na kilichofuata mara baada ya hapo. Mtazame babu: mwembe, embe na chumvi, sauti ya Mwalimu, kimya cha watu, "tutakwenda." Yote yamo, isipokuwa hisia zake mwenyewe, ambazo wanaume wa rika lake hawazitaji bila kuulizwa. Mambo hayo sita ndiyo maswali bora ya kuhojia, na ndiyo tuliyoyatumia kukipasua kisa hiki kipande kwa kipande.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mshtuko unapiga picha kichwani na picha haibadiliki. Kipimo kigumu kilikuja baada ya chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kulipuka 28 Januari 1986. Asubuhi iliyofuata, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi wa chuo jinsi walivyopata habari. Zaidi ya miaka miwili baadaye waliwauliza tena wanafunzi 44 kati ya wale. Kati ya hao 44, 11 walikosea kila jambo kuu waliloulizwa. Waliopatia yote walikuwa 3. Uhakika wao haukulingana na usahihi: waliokosea kabisa walijiamini sana. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe wa asubuhi ile, kumbukumbu ya awali haikurudi. Waliendelea kuiona picha mpya.

Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, Jennifer Talarico na David Rubin walilinganisha kumbukumbu ya kupata habari ile na kumbukumbu ya jambo la kawaida la siku zilezile. Zote mbili zilichakaa kwa kasi moja. Tofauti ilikuwa kwamba ile ya msiba iliendelea kuonekana angavu, na mwenyewe akaendelea kuiamini. Uchunguzi mwingine wa tukio hilohilo, uliowafuatilia watu kwa miaka 10, ulionyesha kwamba mabadiliko mengi hutokea ndani ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo kosa hukaa mahali pake na kurudiwa vilevile mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mtu kusimulia jambo kwa maneno yaleyale kwa miaka 40 ni dalili kwamba amelisimulia mara nyingi. Si dalili kwamba lilikuwa hivyo.

Mtu asije akachukua haya na kudhani kumbukumbu za wazee ni za kutupa. Nchini Denmark, Dorthe Berntsen na Dorthe Thomsen waliwauliza wazee zaidi ya 100 kuhusu siku Wajerumani walipovamia nchi yao, 9 Aprili 1940, na siku ya kukombolewa, Mei 1945. Waliwauliza hali ya hewa ilikuwaje na ilikuwa siku gani ya juma, wakalinganisha na rekodi za wakati ule. Zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita, na wengi walikuwa sahihi kuliko mtu angetarajia. Hali ya hewa na siku ya juma ni vitu vinavyoweza kupimwa. Kwa Tabora tunaongeza vitatu: matunda, mwezi wa angani na kalenda ya ibada.

Embe, mwezi na "tutakwenda"

Tuanze na embe. Tabora ni mji wa miembe, lakini mwembe haukai na matunda mwaka mzima. Embe za Tabora hukomaa kuelekea mwisho wa mwaka. Mwanzoni mwa Novemba zile mbichi za kuchovya chumvi zinaangushwa na watoto kwa mawe, Desemba zinajaa sokoni, na mvua zikishakolea baada ya mwaka mpya zinapungua. Aprili mvua zinaelekea ukingoni na mwembe ni wa kivuli tu. Mtu anaweza kukutana na embe la kuchelewa, lakini sinia la embe mbichi kwa chumvi, katikati ya Aprili, Ng'ambo? Hapana.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Wakiona embe halikai, wanafuta embe, wanaacha Sokoine. Au wanafuta kumbukumbu yote. Neisser mwenyewe alikuwa na kumbukumbu ya utotoni kwamba alikuwa akisikiliza mchezo wa besiboli redioni pale habari ya Wajapani kushambulia bandari ya Pearl Harbor ilipokatiza matangazo, 7 Desemba 1941. Alipokuwa mtu mzima alishtuka: Desemba besiboli haichezwi Marekani. Aliitoa kama mfano wa kumbukumbu ya uongo. Baadaye watafiti wengine wakaonyesha kwamba siku ileile redio ilitangaza mechi ya mpira wa miguu wa Kimarekani kati ya timu zilizoitwa Giants na Dodgers, majina ambayo yalikuwa pia ya timu za besiboli. Kumbe mtoto alisikia kweli, akapanga kwenye kabati la jirani. Kipande kisichokaa mahali pake kina kwao. Kitafutie.

Pili, giza. Babu alisisitiza giza la kutomwona mwenzako. Mwezi wa angani unahesabika kwa tarehe yoyote iliyopita, na njia rahisi kwa familia ni kalenda ya Kiislamu, maana tarehe yake ndiyo umri wa mwezi. 12 Aprili 1984 iliangukia karibu na 10 Rajabu 1404. Mwezi wa siku 10 au 11 unakuwa umeshapanda juu jua likizama, na unaangaza hadi usiku wa manane umepita. Jioni ile watu wa Ng'ambo walikuwa na mbalamwezi.

Tahadhari mbili. Kuandama hutofautiana kwa siku moja huku na huku, kwa hiyo usijenge hoja juu ya tofauti ya siku moja. Na Aprili kuna mawingu. Mwezi mkubwa nyuma ya wingu zito hausaidii mtu. Giza peke yake ni ushahidi mwepesi. Uzito wake unakuja likisimama pamoja na embe.

Kuna jambo la saa pia. Tabora iko magharibi ya Dar es Salaam, na saa ni moja nchi nzima, hivyo jua linazama Tabora karibu dakika 25 baada ya kuzama Dar es Salaam. Saa 12:30 jioni ya Aprili, Tabora bado jua lipo. Anayesema "ilikuwa saa 12 na nusu, giza totoro" anasimulia saa ya mji mwingine, au ameiokota saa hiyo kwa mtu mwingine. Babu hakutaja saa, na hilo ni la kumsifu. Hakuongeza asichokijua.

Tatu, na hapa ndipo kisa kilipofunguka: "Basi, tutakwenda."

Kwenda wapi? Wajukuu walipoandika, walijaza wenyewe kwenye mabano "mazishini." Lakini Tabora hadi Monduli ni safari ya siku, na kijana wa Ng'ambo asiye na cheo wala nauli hainuki chini ya mwembe na kutangaza anakwenda kumzika Waziri Mkuu. Mtu anasema "tutakwenda" anapoitwa. Ni lini sauti ya Nyerere redioni iliwaita vijana?

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. 2 Novemba 1978, ambayo nayo ilikuwa Alhamisi, Nyerere aliwahutubia wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee na kulieleza taifa kwamba tutapigana: uwezo, sababu na nia tunavyo. Hotuba hiyo iliwafikia wananchi kwa redio. Sasa pima. Mwanzo wa Novemba embe mbichi zipo. Novemba mosi au pili ya mwaka ule mwezi ulikuwa ndiyo unaandama kuingia Mfungo Tatu wa 1398. Idi ya Kuchinja ilikuja siku tisa kumi baadaye. Mwezi wa siku mbili tatu ni uzi mwembamba unaozama muda mfupi baada ya jua. Giza la babu limepata kwao. Na vijana wa mgambo waliondoka kutoka kila kona ya nchi kwenda vitani. "Tutakwenda" nayo imepata kwake.

Mseto huu ulikuwa rahisi kutokea. Sauti ni moja, ya mtu yuleyule, nzito na ya taratibu. Redio ni moja. Ua ni ule ule. Juma lina siku ileile. Na Sokoine mwenyewe alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1978, jina lake likitajwa redioni siku zote za vita. Akili ya babu haikubuni kitu. Ilichukua jioni moja iliyomtisha, ikaibandika jina la jioni nyingine iliyomuumiza.

Bibi Mdogo naye

Kuhusu Kaliua, Bibi Mdogo alikuwa sahihi, na hili halikuachwa juu ya neno lake. Ndani ya sanduku la bati la babu ilipatikana barua ya uhamisho kutoka Tabora kwenda stesheni ya Kaliua, ya Januari 1984, na kadi ya kliniki ya mtoto wake wa tatu, yenye mhuri wa Kaliua na tarehe za kupimwa uzito za Machi, Aprili na Mei 1984. Kaliua ndiko njia ya Mpanda inakochepuka kutoka reli ya Kigoma, na mfanyakazi wa kubadili njia za treni hapati ruhusa ya kwenda Ng'ambo kila akitaka. Kadi haithibitishi kwamba babu alikuwa Kaliua jioni ya tarehe 12 yenyewe. Inathibitisha kwamba mke na mtoto walikuwa wakiishi kule majuma yale. Tuliiandika hivyo, bila kuivuta zaidi.

Ukitafuta nyaraka za namna hii, anza na zile ambazo hakuna aliyeziandika ili zikumbukwe: kadi za kliniki, barua za uhamisho, hati za mshahara, vyeti vya ubatizo, vitabu vya wanafunzi waliohudhuria. Hazina sababu ya kupendelea upande. Piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana bila kuwasha taa ya simu, maana mwanga wake unafuta wino uliopauka. Nyuma ya kadi mara nyingi ndiko kuna tarehe.

Lakini televisheni ya Bibi Mdogo haiwezekani. Alichokiona ni picha za miaka ya baadaye, zinazorudiwa kila kumbukizi. Kosa hili lina ndugu zake: katika wale wanafunzi 44 wa Challenger, asubuhi ya pili 9 tu walisema habari waliipata kwanza kwa televisheni. Miaka ilipopita, 19 walisema hivyo. Picha inayotembea inaisukuma sauti pembeni. Hapa Tanzania ni muhimu kuulizia jambo hili kila mara, kwa sababu misiba yetu imegawanyika katika zama. Sokoine ni msiba wa redio. Kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996, na kifo cha Mwalimu, 14 Oktoba 1999, ni vya redio kwa watu wengi wa mikoani, ingawa mijini baadhi walikuwa na televisheni. Kifo cha Rais Magufuli, Machi 2021, wengi walikipata kwa simu ya mkononi. Msimuliaji akikupa chombo ambacho hakikuwepo, usimwambie "haiwezekani." Muulize televisheni hiyo ilikuwa ya nani na ilikaa chumba gani. Bibi Mdogo alipoulizwa hivyo, siku nyingine, akiwa peke yake, alifikiri kidogo akasema ni ya shemeji yake, kwenye nyumba ya Isevya. Nyumba hiyo ilijengwa baada ya 1990. Alilikamata mwenyewe.

Kikao cha pili

Kilifanyika baada ya majuma mawili, na babu peke yake, asubuhi akiwa ameshakunywa chai, kwa dakika 40. Mjukuu mmoja tu, yule mkubwa, na hakuna wa kumsaidia kujibu. Simu ya kurekodia ilizimwa data, ikawekwa juu ya kanga iliyokunjwa mara nne ili isibebe mtetemo wa meza, hatua moja kutoka mdomoni. Redio ya jirani ni adui mkubwa wa rekodi; aliombwa kwa heshima apunguze.

Sokoine hakutajwa. Swali lilikuwa: "Babu, shikamoo. Nataka unisimulie mwembe wa uani. Nani alikuwa anakaa pale jioni?" Kisha kimya. Hapa ndipo mhojaji huvunjika mara nyingi. Kimya cha sekunde kumi kinamtisha na anajaza kwa swali jingine. Kimya hicho ndicho kinachofanya kazi. Babu aliongea dakika tisa bila kukatizwa, akafika kwenye redio mwenyewe, akafika kwa kijana wa jirani mwenyewe.

Ndipo swali la pili: "Yule kijana, baada ya usiku ule, alifanya nini?"

"Alikwenda Kagera."

Akanyamaza. Kisha akasema, taratibu, "Aa. Basi ile ni vita."

Hakuna aliyemsahihisha. Hilo ndilo lililokuwa lengo la mpangilio mzima: uliza yaliyofuata kabla ya kuuliza yaliyotangulia. Watu hukosea tarehe ya tukio, lakini mnyororo wa mambo yaliyowapata jirani zao wanaushika vizuri, kwa sababu jirani unaendelea kumwona.

Baada ya kupumzika, aliulizwa kuhusu Kaliua, bado bila kutajiwa msiba. Alisimulia mtoto aliyekuwa mchanga, nyumba ya reli yenye vyumba viwili, na jioni moja ambapo simu ya ukutani stesheni iliita na aliyekuwa zamu akasimama wima akiisikiliza, kitu ambacho hakikuwa desturi yake. Babu anaamini ndiyo ilikuwa habari ya Sokoine, kabla hajaisikia redioni.

Tungependa sana kuipokea picha hii, lakini lazima ipewe daraja la chini kuliko ile ya mwembe. Ilikuja baada ya Bibi Mdogo kuitaja Kaliua mbele ya watu, na baada ya babu kuishika mkononi kadi ya kliniki. Mtu mwenye heshima aliyegundua kwamba alikosea huwa na hamu ya kupata jibu jipya, na akili humletea. Inawezekana ni kweli tupu. Hakuna kipande ndani yake cha kupimia: simu za stesheni ziliita kila siku.

Na betri? Betri zilizoanikwa juani hazikupata mwaka. Zinakaa vizuri miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo kupata betri mpya dukani ilikuwa bahati, kwa hiyo huenda ni za Kaliua zilizohamia Ng'ambo. Lakini watu walianika betri kabla ya hapo pia. Ziliachwa na alama ya kuuliza, na ziachwe hivyo.

Yaliyoandikwa daftarini

Daftari lina kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto ni maneno ya msimuliaji kama alivyoyasema, pamoja na tarehe ya kikao, waliokuwapo na alichokuwa ameonyeshwa kabla. Hayafutwi, hata yakigundulika hayakai. Kulia ni vipimo, kwa herufi tatu: A kwa kilichothibitishwa na waraka, B kwa kinacholingana na msimu, mwezi au kalenda, C kwa neno la msimuliaji peke yake.

Ukurasa wa mwembe unasomeka hivi upande wa kulia: "Embe mbichi, giza, 'tutakwenda': B, siku za mwanzo za Novemba 1978. Kijana wa jirani kwenda Kagera: C, afuatiliwe. Sokoine: haikai hapa." Ukurasa wa Kaliua: "Familia kuishi Kaliua Aprili 1984: A. Simu ya stesheni: C, baada ya kuonyeshwa kadi. Betri: mwaka haujulikani."

Babu alisomewa kurasa zote mbili. Alizikubali. Alisema tarehe ni kweli, ila akifumba macho, Sokoine bado yuko chini ya mwembe. Hilo nalo liliandikwa, kushoto.

Kijana wa jirani alirudi kutoka vitani na siku hizi ni mzee anayelima tumbaku upande wa Urambo. Mjukuu mkubwa atamfuata mavuno yakiisha. Hatatajiwa Sokoine, wala vita, wala mwembe. Ataulizwa tu ni nani alikuwa akikaa naye jioni alipokuwa kijana Ng'ambo, na walikuwa wakila nini.